Shingo ya fundi kofia: namna ya kuishi na pingili zilizochakaa, na dalili za kukukimbiza kwa daktari

Mie nashona kofia za mkono, zile za vito, mwaka wa 31 huu sasa, nipo Langoni hapa Lamu, na shingo yangu ilinigomea nikiwa juu ya mswala. Nimemaliza tahiyatu natoa salamu, kulia ikageuka vizuri tu, kushoto ikafika nusu ikakwama palepale kama mlango uliovimba masika. Haikuuma sana siku ile ndo maana nikapuuza. Baada ya wiki kadhaa ikawa asubuhi naamka imekaza, nikiigeuza nasikia kru kru kama mchanga, kichwa chaniuma kuanzia kisogoni, halafu ganzi ikaingia kidole gumba cha mkono wa kulia, kile cha kushikia sindano, hapo ndo nikaogopa.

Nilipoenda kupimwa nikapigwa eksirei, nikaandikiwa "spondilosisi ya shingo", nikapewa vidonge, nikarudi nyumbani nalia nikijua ndo napooza. Hakuna aliyeniketisha akanieleza. Mengi ya haya nilikuja kufunzwa baadaye na dada mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mengine nimeyaona kwa ami yangu ambaye nitamfikia huko chini, na tafadhali msome hadi huko kwa ami kwa sababu ndo penyewe.

Kwanza jueni ni kitu gani. Shingo ina pingili 7, na kati ya pingili na pingili (isipokuwa ya kwanza na ya pili) kuna diski, kitu laini cha kupokea uzito. Diski ya kijana imejaa maji, umri ukienda maji yapungua inasinyaa. Mfikirie godoro la sufi, likiwa jipya limefura, likilaliwa miaka ishirini lashindiliana mpaka wahisi mbao za kitanda ubavuni. Pingili nazo zikikaribiana hivyo zaanza kusuguana, mwili nao wajaribu kujihami waotesha vijimfupa pembeni, kano zakakamaa, na hapo nafasi ya mishipa ya fahamu kupita yawa finyu. Mara nyingi yanzia pingili ya 5, 6 na 7, huku chini ya shingo ambako mwendo na uzito ni mwingi. Tofauti na godoro ni kuwa sufi utaianika juani uichambue ifure tena, diski haifuri tena, kwa hivyo mtu akikuuzia dawa ya "kurudisha diski" weka pesa zako mfukoni.

Lakini pia usife moyo. Watu wengi waliopita miaka 60 ukiwapiga eksirei ya shingo utayaona haya haya, na wengi wao hawaumwi popote. Picha peke yake haikuhukumu, wewe angalia unajisikiaje na mikono na miguu yafanya kazi vipi. Kuvuta sigara, kazi ya mizigo, ajali ya zamani, na ukoo pia, vyaongeza au kuharakisha, umri wenyewe hauna dawa.

Anza na kazi yako, kabla ya dawa

Hapa ndo nilipopata nafuu kubwa kuliko pengine popote. Kichwa cha mtu mzima ni kama kilo 4 na nusu hadi 5. Kikikaa wima juu ya mabega shingo yabeba hizo tu, ukiinama mzigo wazidi. Kuna daktari mmoja wa upasuaji wa mgongo huko New York, Kenneth Hansraj, mwaka 2014 alitoa hesabu ya kompyuta kuwa ukiinamisha kichwa digrii 60 shingo yabeba kama kilo 27. Ni hesabu ya modeli, hakupima shingo za watu hai, lakini hebu waza, beli la unga la pakiti 12 za kilo mbili mbili ni kilo 24. Na mimi nilikuwa nashona kofia imelala mapajani, kidevu kimegusa kifua, kutoka saa mbili asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, miaka hiyo yote.

Sasa nafanya hivi. Nakaa barazani mgongo umegusa ukuta, matako yamesogea nyuma kabisa, miguu yafika chini. Mapajani naweka mito miwili ya sufi, juu yake ndo viwiko vinapumzika, kofia yaja juu mpaka usawa wa kifua, macho ndo yanashuka kidogo, shingo haishuki. Siku tatu za kwanza utajiona mpumbavu na sindano itakwenda polepole, subiri, mikono itazoea. Mwanga nao, mtu akikosa mwanga hujikunja bila kujua, kwa hivyo geukia ua, na ikifika magharibi acha au washa taa ya kutosha. Na miwani, kama una ile ya vioo viwili, ya kusomea chini na ya mbali juu, angalia usiwe wainua kidevu ili uone kwa kile cha chini, hiyo nayo yaibana shingo nyuma, bora uwe na ya kushonea peke yake.

Halafu jambo dogo lililonisaidia kuliko yote, uzi. Sikai na saa. Kila uzi unapokwisha kwenye sindano, kabla sijatia mwingine, naweka kofia chini, nainua kichwa, naangalia mbali mpaka mwisho wa kichochoro, nazungusha mabega mara tano, ndo natia uzi. Nilizoea kukata uzi mrefu ili nisisumbuke kutia mara kwa mara, sasa naukata mfupi kusudi. Mchonga nakshi ana mpigo wake, mwenye duka ana wateja, mwalimu ana daftari za kusahihisha, kila mtu atafute kitu ndani ya kazi yake kinachoisha kila baada ya dakika 20 au 30 kiwe ndo kengele yake.

Simu ni vivyo hivyo, iinue ikufuate machoni, na usiibane kwa bega na sikio huku wapika. Mzigo kichwani, najua tumezaliwa nao, lakini ikiwa shingo yako ishaanza kukusumbua jerikeni la maji na kapu la sokoni vishuke, gawanya mikono miwili au mpe punda, au mpe kijana wa mkokoteni hela yake.

Kulala: mto mmoja. Ukilala ubavu, mto ujaze ile nafasi kati ya sikio na bega ili pua iwe sawa na kifua, ukilala chali uwe mwembamba zaidi na uegemeze shingo yenyewe, sio kichwa tu. Mimi nina mto wa sufi nimeupunguza mwenyewe, nikafumua upande nikatoa konzi mbili tatu za sufi nikashona tena. Kulala kifudifudi acha kabisa, kwa sababu ni kuikamua shingo upande mmoja usiku mzima.

Mazoezi

Nafanya baada ya alfajiri, baada ya adhuhuri na baada ya isha, hapo hapo kwenye mswala, kwa hivyo sisahau. Kwanza kidevu: kaa wima, angalia mbele, sasa vuta kidevu nyuma moja kwa moja, usikiinamishe wala usikiinue, kama mtu aliyesogezewa samaki aliyechina puani, utaona kidevu cha pili chajitokeza, hesabu mpaka tano, achia, mara 10. Ndo zoezi lililo muhimu kwangu na ndo watu wengi hulifanya vibaya kwa kuinama. La pili geuza shingo taratibu kama watoa salamu, kulia, hesabu tano, kushoto, hesabu tano, mara tano kila upande, uishie pale panapovuta, usilazimishe. La tatu sikio lielekee bega, bega lisipande kulifuata. La nne weka kiganja kwenye paji la uso, kichwa kisukume mbele, mkono ukizuie, kichwa kisisogee hata kidogo, nguvu kidogo tu, hesabu tano, halafu hivyo hivyo kisogoni na pande zote mbili. La mwisho vuta mabega nyuma na chini kana kwamba wataka kubana kalamu kati ya mafupa mawili ya mgongoni, mara 10.

Kuvutwa ni sawa. Maumivu yakishuka mkononi wakati wa zoezi, liache hilo, fanya yaliyobaki. Na utembee jamani, mimi natembea kwa ufuoni mpaka Shela, kama dakika 40, mikono mitupu. Watu wakiumwa shingo hudhani dawa ni kulala, siku moja mbili sawa, ukizidisha misuli yalegea na shingo yakaza zaidi. Ndo maana hata ile kola ya shingo ukipewa ni ya siku chache za maumivu makali, usiifanye vazi.

Ya kupunguza maumivu

Taulo lichovye maji moto, likamue, weka kwenye ukosi na mabega dakika 15 hadi 20, kabla ya mazoezi. Kusingwa na mafuta ya nazi mabegani ni raha na misuli yalegea, msingaji akande nyama, asikandamize mifupa ya shingo. Kuna hii ya vinyozi, akishamaliza kukunyoa anashika kichwa anakizungusha ghafla kinalia kwaa, wanaume wanaipenda sana. Ndugu zangu iacheni. Ndani ya zile pingili kunapita mishipa ya damu inayokwenda ubongoni, ikichanika kwa ule mzunguko mtu aweza kupata kiharusi. Ni nadra, lakini kinyozi wako hajui shingo yako ikoje ndani. Mwambie mapema, kabla hajamaliza, "usinivunje shingo".

Hijama, au kuumika kama walivyosema wazee, wako wanaosema inawalegeza misuli na sitagombana nao, ila haiondoi kijimfupa, wembe lazima uwe mpya, na kama unakunywa dawa za kuzuia damu kuganda usifanye.

Dawa: parasetamoli kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na upishanishe dozi na dozi kwa muda wa saa nne hadi sita. Diklofenaki na brufeni zatuliza kweli, lakini najua watu wanaonunua dukani kila wiki mwaka mzima, zatoboa tumbo, zaumiza figo, zapandisha presha. Ukiwa na vidonda vya tumbo, presha au figo usizinywe bila daktari kujua.

Maumivu yakishuka mkononi

Hapo kuna mshipa wa fahamu umebanwa pale unapotokea shingoni. Kidole ndo chaeleza ni upi: ganzi ya gumba mara nyingi ni mshipa wa 6, kidole cha kati ni wa 7, cha mwisho ni wa 8. Maumivu yake ni ya kuchoma, kama umeme, usiku ndo mabaya. Jaribu kuweka kiganja juu ya kichwa, kiwiko nje, wengi hupata afueni kwa sababu mshipa walegea. Habari njema ni kuwa wengi hupona bila kisu ndani ya wiki 6 mpaka 12. Mimi yangu ilichukua kama wiki tisa, kidole kikarudi. Ila mkono ukianza kupoteza nguvu, sio kuuma, kupoteza nguvu, usingoje wiki hizo, nenda.

Na maumivu ya mkono wa kushoto pamoja na kifua kubana, jasho, pumzi kukatika, hayo ni moyo mpaka daktari akuambie sio, nenda saa hiyo hiyo. Shingo kukaza pamoja na homa kali na kichwa kupasuka yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, nayo haingoji kesho. Kukonda, homa za jioni, jasho la usiku na shingo inayouma hata ukilala, wakupime TB ya mifupa na mengineyo.

Sasa ami

Ami yangu ndiye aliyenifunza sindano. Ana miaka 68. Alianza kwa kushindwa kutia uzi. Akasema "macho yamekwisha mwanangu", nasi tukaamini, tukamnunulia miwani, haikusaidia, tukanunua nyingine. Kumbe macho yalikuwa mazima. Siku moja nilikaa naye barazani nikamwangalia mikono, uzi uko mbele ya tundu kabisa, analiona tundu, kidole ndo hakitii, chafika karibu chapita pembeni, chafika chapita. Akiweka sindano chini alikuwa hajui kama bado ameishika mpaka aangalie. Vifungo vya kanzu akamwachia mjukuu amfunge. Kikombe cha kahawa kikamponyoka mara mbili mbele ya wenzake akaacha kutoka jioni. Na kutembea, akawa atembea ameshika ukuta, lakini mji wetu huu vichochoro ni vyembamba, kila mtu hugusa ukuta akipishana na punda, hakuna aliyeona ajabu.

Shingo haikumuuma hata siku moja. Hilo ndo nataka mlishike. Sisi wenye kulia na maumivu twakimbilia hospitali mapema, yeye hakuwa na la kulalamikia, kwa hivyo miezi minane ikapita mpaka alipoteleza kwenye ngazi za nyumba. Alipofanyiwa MRI, ile picha ya mashine inayoonyesha mpaka mishipa ya fahamu, ikaonekana kuwa sio mshipa mmoja wa pembeni uliobanwa, ni uti wenyewe, ile kamba kuu ya fahamu inayotoka ubongoni kwenda mwili mzima, umebanwa na vijimfupa na kano zilizonenepa. Hiyo haitibiwi kwa taulo la maji moto wala mazoezi yangu ya hapo juu, na msingaji asiiguse kabisa.

Kwa hivyo mzee wako wa nyumbani, au wewe mwenyewe, jipime. Nyoosha mkono, viganja vitazame chini, kunja ngumi kamili ufungue vidole vyote vinyooke, kunja fungua, haraka uwezavyo, mwenzako ahesabu kwa sekunde 10. Mikono mizima yafika mara 20 au zaidi. Ikiwa ni chini ya hapo, vidole vyafunguka kwa uzito, onana na daktari, yaweza kuwa baridi yabisi ya vidole tu lakini aseme yeye. Halafu atembee hatua kumi kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, mtu asimame karibu asianguke. Muulize vifungo, muulize mwandiko wake umebadilika, muulize akiinama rukuu kama kuna umeme unaomshuka mgongoni mpaka miguuni. Akisema upo, aswali amekaa kwenye kiti mpaka aonane na daktari.

Haja ndogo au kubwa ikianza kumtoka bila kujua au kuziba, miguu ikiwa dhaifu ghafla, au ameanguka na shingo yauma, hapo ni siku hiyo hiyo.

Kwa daktari peleka karatasi. Andika kilianza lini, kidole kipi, kazi gani alikuwa akiweza ambayo sasa hawezi, hesabu ya ngumi, na dawa zote anazokunywa. Daktari ana dakika chache, na mzee akiulizwa "wajisikiaje" atajibu "alhamdulillah" na mazungumzo yaishie hapo. Kama mtaambiwa MRI au rufaa ulizeni mapema SHA, bima ya afya ya serikali hapa Kenya, inalipa kiasi gani na mtatoa kiasi gani wenyewe, mambo yalibadilika tangu NHIF, bima ya zamani, ilipoondolewa Oktoba 2024. Safari nayo ina adabu yake, kwenye boti ya kuvukia Mokowe, bara, mkalisheni tezi, yaani nyuma, sio omo kule mbele, omo ndo inapiga mawimbi na shingo ndo inayopokea, na kwenye basi akae katikati, sio kiti cha nyuma kabisa, taulo dogo likunjwe liwekwe ukosini.

Operesheni ami alifanyiwa. Tulielezwa waziwazi kabla, kazi yake ya kwanza ni kuzuia isizidi, kilichopotea chaweza kurudi au kisirudi, na aliyewahi hupata zaidi ya aliyechelewa. Kabla ya kisu alikuwa akipata ngumi 9 kwa sekunde kumi. Mwezi wa tatu baada ya kisu, 12. Sasa amefika 15, kanzu anajifunga mwenyewe, kahawa anakunywa na wenzake, sindano bado. Kila Ijumaa baada ya swala namkuta barazani ashanyoosha mkono ananingoja nimhesabie.